Niliambiwa nimepika data za PhD yangu: yaliyonikuta kwenye kibaraza cha mjumbe, Kurasini

Wakuu, poleni na majukumu.

Kila mara naona humu mtu anauliza, "Naanza PhD ya IT, nijiandae vipi?" Majibu huwa ni laptop gani anunue na programu gani ajifunze. Sijaona anayemwambia habari ya siku utakayosimama mbele ya wenzako ukaambiwa wewe ni mwongo.

Mie nimeambiwa. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuongeza chumvi. Majina nimebadili na chuo nakiacha, maana wahusika bado tunapishana kwenye korido. Ukinitambua, kaa kimya tu mkuu, tutasalimiana kama kawaida.

Nianze taratibu ili hata asiyesoma IT asiachwe nyuma.

Chuoni kwetu, mwanafunzi wa udaktari wa TEHAMA haendi kukusanya data kabla ya kupitia mafunzo ya mbinu za utafiti. Yetu yalifanyika kwenye ukumbi wa kukodi Mikocheni, ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Mwalimu akifika kwenye pointi muhimu, jirani naye anawasha grinda.

Wengi wetu tulienda tukiwa tumenuna. Mtu ameshinda miaka anaandika programu au anafunga mitandao, leo unamfundisha namna ya kuuliza maswali? Sisi tumezoea mfumo: unafanya kazi au haufanyi, basi.

Lakini Dokta Salima, mwalimu wetu, alikuwa na swali moja alilolirudia mpaka tukaliota: "Unachodai unakijua, umekijuaje?"

Hilo ndilo somo zima, wakuu. Mengine yote ni matawi yake.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja anaenda uwandani kufanya majaribio ya utafiti wake kwa watu wachache, anarudi, anawasilisha. Dokta akiridhika anasaini. Bila sahihi yake huombi kibali cha utafiti, unasubiri mkupuo mwingine wa mafunzo.

Kwangu kusubiri ilikuwa balaa. Mie ni mwalimu wa chuo cha kati, na mkuu wangu wa kazi aliniruhusu kwa shingo upande. Aliniambia wazi kwamba nisipoingia uwandani mwaka huu, nirudi darasani na PhD niisahau.

Na huko ni kukwama tu. Ukikamatwa umepika data, yaani umekaa mahali ukajaza majibu mwenyewe, husubiri mkupuo wowote. Unafukuzwa, na jina linakufuata kila chuo utakachogonga.

Sasa mada yangu. Programu nyingi za simu zinatengenezwa kwa imani kwamba simu moja ina mwenye mmoja. Njoo nyumbani kwetu Kinyerezi uone. Simu ya mama inachezewa gemu na mtoto, jirani anaazima kupiga, mume anaichukua yake ikiisha chaji. Mie nataka kutengeneza kitu kitakachomsaidia mwanamke kutunza mambo yake hata simu ikizunguka mikono yote hiyo.

Kwa hiyo lazima niwaulize wanawake: nani mwingine anaijua namba yako ya siri? Kuna kitu kwenye simu usingependa mtu akione? Unakifichaje?

Nilichagua mtaa mmoja Kurasini, nyuma ya yadi za makontena, ambako akina mama wanapika chakula cha madereva wa malori na makuli wa bandarini. Wana simu, wana shughuli nyingi, na wana mengi ya kusema.

Huwezi kuingia mtaa wa watu ukaanza kugonga milango. Unapita ofisi ya serikali ya mtaa, unaonyesha barua, unapewa mwenyeji. Mie nilipewa mjumbe, yaani kiongozi wa nyumba chache za pale, mama mmoja nitamwita Mama Zawadi.

Jamani, yule mama ana ukarimu! Nimeamkia tu, "Shikamoo mama," tayari nimeshikishwa chai.

"Marahaba mwanangu. Uzunguke na jua hili utafute nini? Kaa hapa hapa kibarazani, mie nitakuitia mmoja mmoja."

Nikaona Mungu ameniletea malaika. Akanipangia kiti mwenyewe, mgongo kwa mlango, kwa sababu ukikaa upande wa pili jua linapiga kioo cha tableti niliyoandikia majibu, huoni kitu. Yeye akakaa mlangoni nyuma yangu na sinia la vitunguu.

Akina mama wakaanza kuja, na kila mmoja alikuja na macho ya kunipima. Wa kwanza, nimwite Mama Shufaa, alikataa hata kukaa.

"Wewe dada, hayo maswali ya simu unampelekea nani?"

"Ni ya masomo, mama. Jina lako siandiki popote."

"Eti masomo! Usije ukawa umetumwa na mume wa mtu."

Kicheko kikapasuka mpaka kwa waliokuwa wanasubiri zamu ukutani. Mwingine, Tatu, kijana kidogo, akaniuliza kama tableti inarekodi sauti. Nikasema inaweza, ila kwa ridhaa yao tu. Wakakataa kwa pamoja. Nikaheshimu, nikawa naandika tu.

Hapo ndipo mtaalamu wa IT nikajitutumua. Niliwaeleza kwamba majibu yao yanafungwa kwa encryption, yaani yanageuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo maalumu. Nikawaambia hata tableti ikiibiwa, mwizi ataambulia patupu.

"Sasa huo ufunguo anao nani?" Tatu akauliza.

"Mie peke yangu."

"Haya," akasema, na akakaa.

Tukaanza. Nani anaijua namba yako ya siri? "Mume wangu anaijua. Sie hatuna siri." Kuna kitu usingependa akione? "Hakuna. Sie hatuna siri."

Akaja mwingine: mume wangu anaijua, hatuna siri. Na mwingine tena. Hata yule niliyemwona anaangalia simu yake kwa kuifunika na kanga, akikaa mbele yangu anakuwa hana siri.

Wakuu, mngedhani nilishtuka? Nilifurahi!

Kwenye mbinu za utafiti kuna kitu kinaitwa saturation. Unahoji watu mpaka unafika mahali majibu mapya hayaji, unasikia yale yale, ndipo unajua umechota vya kutosha. Mie nikajiambia nimefika huko mapema hivi, mtaa huu umeelewana kabisa. Nikamshukuru Mama Zawadi, akanifungashia na vitumbua.

Siku ya kuwasilisha nikasimama kifua mbele. Slaidi zimependeza. Nikasema matokeo ya awali yanaonyesha wanawake wa eneo hili wako wazi kabisa na wenza wao kuhusu simu.

Mwenzetu mmoja, Eli, jamaa wa uchambuzi wa data, akanyoosha mkono.

"Dada, samahani. Naweza kuonyesha kitu?"

Akachomeka laptop yake. Fomu zetu zilikuwa zinanasa GPS, mahali mahojiano yalipofanyika. Za wenzangu kwenye ramani zilikuwa zimetapakaa kama mchele uliomwagika. Zangu zote zilikuwa nukta moja. Ukizikuza, nukta moja. Kisha akaweka majibu yangu sambamba, na maneno yanafanana mpaka koma.

"Hapa kuna mawili," akasema, sauti ya upole kabisa, na ndiyo iliyoniuma zaidi. "Ama umemhoji mtu mmoja ukamzidisha, ama umekaa mgahawani ukajaza mwenyewe. Hii imepikwa."

Hata grinda ya jirani ilikuwa imenyamaza.

Nikajaribu kueleza habari ya kibaraza. Mtu akauliza sauti za kurekodiwa ziko wapi. Nikasema walikataa. Kuna aliyeguna, "Mmh, walikataa wote." Nikajisikia naeleza kama mtu anayetunga.

Dokta Salima hakunitetea wala hakunikandamiza. Alisema tu, "Tutazungumza."

Mchana ule nilikula peke yangu. Si kwamba walinifukuza mezani, hapana. Kila meza niliyoikaribia mazungumzo yaligeuka kuwa habari za mvua.

Na mie nikaanza kuwatilia shaka wao. Hasa Eli. Alizitoa wapi data zangu ghafi? Nikaingia kwenye seva yetu ya mafunzo, ambako kila mmoja aliweka nakala ya majibu iliyofunguliwa, bila majina, nikakuta faili langu amelifungua tena na tena. Mada yake na yangu ni majirani. Nikaona picha nzima: jamaa anataka niondoke, abaki na mada.

Nikamfuata kwenye maegesho.

"Eli, faili langu ulikuwa unatafuta nini?"

"Dokta ndiye alinipa kazi ya kukagua ubora wa data za watu wote. Zako, zangu, za kila mtu. Muulize."

"Na ukaona uniumbue mbele ya watu badala ya kuniita pembeni?"

"Ningekuita pembeni ungesema nimelificha jambo ili nikutishe."

Nilimuuliza Dokta, akasema ni kweli, alimpa kazi hiyo. Bado sikumwamini, nisiwadanganye. Mtu ukishaanza kushuku, hata uthibitisho unaushuku.

Dokta akaniambia hivi: "Mie sijui kama umepika. Siwezi kusema umepika na siwezi kusema hujapika. Kwa hiyo twende tukaangalie. Eli naye aje, maana yeye ndiye mwenye hoja."

Tukaenda watatu kwa gari la Dokta. Mie nilikuwa naomba moyoni wale akina mama wasiwe wamesafiri, wasiwe wamenisahau, wasiwe wameamua tu kukana kwa kuogopa wageni.

Hawakukana. Mama Zawadi alinikumbatia kabla sijamaliza kuamkia. Mama Shufaa akaniona kutoka kwenye jiko lake akapiga kelele, "Eeh, dada wa simu karudi! Umefeli nini?"

Dokta akawaeleza kwa upole kwamba chuo kinataka kuhakikisha tu kama kweli waliongea na mie. Wakaguna.

"Kwani kuna aliyesema hatukuongea naye?" Tatu akauliza.

Macho yakaenda moja kwa moja kwa Eli. Sijui walijuaje.

"Kaka, wewe ulidhani sie hatupo?" Tatu akamgeukia. "Tuguse basi, usije ukasema ni picha za kompyuta."

"Mwacheni," Mama Shufaa akadakia, "huyo anataka ale kwanza ndiyo aamini."

Eli wa watu akacheka kwa aibu, akaishia kununua wali maharage. Kila mama akathibitisha: siku ile nilikaa pale, nikauliza yale, wakajibu yale.

Nilihisi mzigo unashuka mgongoni. Dokta akanipigapiga begani akasema, "Haya, mwanangu, kupika hujapika." Na nikaona anatafuta kwenye mkoba fomu yangu ya kusaini.

Hapa ndipo naomba msome taratibu.

Kabla hajasaini, Dokta alitaka aone tulivyokaa, ili aandike kwenye taarifa yake kwa nini GPS ilikuwa nukta moja. Akakaa yeye kwenye kiti changu, kile kile, mgongo kwa mlango. Tatu akakaa mbele yake. Mie nikasimama pembeni kwenye ngazi, mahali ambapo siku ile sikuwahi kusimama. Eli yuko na sahani yake.

Dokta akauliza kama mfano tu: "Nani mwingine anaijua namba yako ya siri?"

Macho ya Tatu yalipita juu ya bega la Dokta, yakaenda mlangoni.

Mlangoni amekaa Mama Zawadi, na sinia lake. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kitunguu.

"Mume wangu anaijua," Tatu akasema. "Sie hatuna siri."

Kisu kikaendelea.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mama Zawadi si mtu mbaya, naomba mnielewe. Lakini ni mjumbe. Mume na mke wakigombana mtaani pale, kesi inaanzia kwenye kibaraza kile kile. Waume wote anawajua, wengine amewalea. Na mie nimeenda kumketisha mwanamke mbele yake nikamuuliza anamficha nini mumewe, huku wenzake wamejipanga ukutani wanasikia jibu la kila aliyetangulia. Jibu la kwanza lilishafungua njia. Ambaye angesema tofauti angerudi nyumbani na maelezo gani?

Nilikuwa nimefunga data kwa encryption asiifungue mwizi wala hacker. Aliyekuwa anasikiliza kila neno alikuwa nyuma ya kiti changu anamenya vitunguu, na nilimshukuru.

Dokta hakuona, mgongo wake ulikuwa kule. Eli alikuwa anapambana na mwiba wa samaki aliyeongezewa kwenye wali. Tulikuwa tunajua mimi, Tatu na Mama Zawadi tu.

Na fomu ilikuwa mkononi mwa Dokta.

Wakuu, sitajifanya shujaa. Niliwaza kunyamaza. Data ni ya kweli, watu ni wa kweli, nimeshasafishwa mbele ya aliyenituhumu. Nikifungua mdomo naikosa sahihi ambayo nimetoka kuipigania, na mkuu wangu wa kazi anasubiri simu yangu. Nilijiambia haya ni majaribio tu, nitarekebisha nikienda kwenye utafiti kamili.

Lakini lile swali likanikaba. Unachodai unakijua, umekijuaje? Nimekijua kwa kuwauliza watu siri zao mbele ya baraza.

Pale kibarazani nisingeweza kusema, ningemdhalilisha Mama Zawadi na kumweka Tatu pabaya. Nikamwomba Dokta asisaini kwanza. Tukaaga, tukapanda gari, tukafika barabara kubwa nyuma ya foleni ya malori. Ndipo nikasema.

"Dokta, data yangu haikupikwa. Lakini haifai."

Eli aligeuka kutoka kiti cha mbele akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

Sikumtaja Tatu wala yale macho. Nilisema tu kwamba niliwahoji hadharani, mbele ya kiongozi wao na majirani wanasikiliza, juu ya jambo ambalo huwezi kulisema hadharani. Hilo peke yake lilitosha.

Dokta alipisha lori moja. Kisha akasema, "Basi siwezi kusaini."

"Najua."

"Utarudia na mkupuo ujao. Taarifa yangu itasema hujapika, na itasema kasoro umeiona mwenyewe."

Nililia, sitaficha. Si kilio cha sauti, yale machozi ya kuangalia dirishani. Nimepata jina langu, nimekosa mwaka wangu.

Mkuu wa kazi nilimwangukia. Amenipa nafasi ya mwisho, kwa sharti kwamba nifundishe vipindi vya jioni huku nikirudia. Nafundisha. Nachoka. Lakini bado nimo.

Eli aliniletea kiti wakati wa chakula cha mchana siku iliyofuata. "Dada, mie niliona majibu hayakai sawa, na kweli hayakukaa sawa. Ila nilirukia kwako bila kujiuliza kwa nini."

Nilimwambia ukweli: shaka yake ndiyo iliyonirudisha Kurasini. Ingekuwa si yeye, ningejenga mfumo mzima juu ya "sie hatuna siri". Siku hizi tunasomeana kazi kabla hatujapeleka kwa wakubwa.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa na PhD ya IT, nakutia moyo, usiogope. Majibu yakija safi kupita kiasi, shuku. Ila anza kuishuku namna ulivyouliza, kisha mahali ulipoulizia, na aliyekuwa karibu akisikia. Mtu mwache awe wa mwisho, na hata huyo muulize kwanza kabla hujamwonyesha kwenye projekta. Na usalama wa data usiuanzie kwenye seva, uanzie kwenye kiti.

Mpango wangu sasa ni kuongea na kila mama akiwa kwenye pilika zake, anaosha masufuria au anafuata mkaa, mahali ambapo sie wawili tu ndio tunasikilizana.

Tatizo ni moja, na ndilo hasa lililonileta kwenu.

Juzi Mama Zawadi amenipigia simu.

"Mwanangu, mbona kimya? Nimekupatia wengine, wa upande ule wa yadi. Njoo tu, wala usihangaike, nimeshawaelekeza cha kujibu."

Nilimwambia asante mama, nitakuja. Kuingia mtaani kwake bila kupita kwake haiwezekani, na kumwambia akae mbali ni kumtukana mtu aliyenifungulia nyumba yake. Naanza wiki ijayo. Waliowahi kupita hapa, mlimwambiaje mwenyeji wenu? Nasoma kila jibu.